Jumamosi Nafula Hakuwepo

Juzi kompyuta yangu ya kazini iligoma. Fundi akaja, kijana mpole, akavuta kiti, na kabla hajagusa chochote akaniuliza, "Madam, kuna kitu kipya umeweka humu hivi karibuni?" Swali la kawaida kabisa. Nadhani huwauliza watu kumi kwa siku. Lakini mimi nilishindwa kumjibu. Nikamwambia naenda kutafuta chai, nikaenda kusimama chooni mpaka moyo ukatulia. Swali hilo niliwahi kuulizwa nikiwa na miaka tisa, jikoni kwetu Busia, mikono imejaa majani ya mrenda, na siku hiyo nilijibu kweli. Ni mara ya pili nilipoulizwa ndipo mambo yalipoharibika.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka heshima tuliyoipa kompyuta siku hizo. Ya kwetu ilikaa chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara ya kwenda geti la mpaka, na ilikuwa na zulia lake na pazia lake zito. Mama aliifumia vitambaa vitatu vya maua, kimoja cha skrini, kimoja cha ule mwili wake mkubwa na kimoja cha printa, utadhani ni watoto wanaoogopa baridi. Hakuna aliyeingia na viatu. Hata wateja walivua, na nimewaona walimu wakuu wenye suti wakisimama pale juu ya zulia vidole vimetoboa soksi, wakiongea kwa sauti ya chini kama wako kanisani. "Vumbi ndilo adui," Mama alikuwa akisema. Alisema mara nyingi hivi kwamba mimi niliamini chembe moja tu ya vumbi ikiingia, kompyuta inakufa.

Baba alikuwa amefariki kabla sijajua kusoma. Mama alitulea kwa kutaipu: barua za mawakala wa forodha, programu za mazishi, na mitihani ya shule za msingi za eneo letu. Nasema alitulea kwa sababu tulikuwa wawili. Wa pili alikuwa Nafula, binti ya shangazi yangu, dada ya Baba, kutoka Bukhayo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaja kumsaidia Mama, na katika miezi sita akawa anataipu haraka kuliko Mama mwenyewe. Mama alikuwa amemwahidi kwamba Januari angempeleka Kisumu, chuo cha kompyuta. Barua ya chuo ilikuwa imeshafika. Ilikaa ndani ya Biblia ya Mama, na Nafula akidhani hatumwoni alikuwa akiifungua, anaisoma tena, anairudisha.

Kompyuta yenyewe aliinunua Anko Etyang, kaka mkubwa wa Mama, mtu wa Malaba. Ni yeye pia aliyeuza fahali wake ili Mama amalize sekondari. Kwetu sisi, kaka ya mama si mtu wa kubishana naye. Akifika unapiga magoti, unapokea mfuko wake, unamletea kiti chenye mgongo, na akisema mvua itanyesha unaanua nguo hata kama jua linawaka. Na hata bila hiyo mila ningempenda tu. Alikuwa na kicheko kinachoanzia barabarani. "Yoga!" angetusalimu kwa Kiteso kabla hajafika mlangoni, na mimi nakimbia.

Jumamosi hiyo alikuja na boksi kutoka Kampala. Nafula hakuwepo, alikuwa ameenda Bukhayo tangu Ijumaa kwa matanga ya babu mmoja wa ukoo wao. Anko alivua viatu, akakaa chini na bisibisi, akafungua kompyuta, akaiwekea kifaa cha kuandika sidii. Ndoto yake ilikuwa kwaya ya parokia yao. Aliapa kwamba wakiimba, madereva wa malori waliokwama Malaba kwenye foleni hushuka kusikiliza, na sasa kila dereva angeondoka na nyimbo zao mpaka Kigali. Kisha akaweka programu yenyewe. Ilikuwa na maswali mengi kwa Kiingereza, na Anko hakusoma hata moja. Kila lililotokea alibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi.

Sidii ya kwanza ilichukua karibu saa nzima. Tulikatazwa kutembea, tulikatazwa hata kukohoa. Ilipotoka, yenye joto mkononi, Anko aliiweka kwenye redio na sauti za kwaya zikajaa nyumba. Mama alilia. Ndiyo maana nasema, mtu asidhani Anko wangu alikuwa mbaya. Alituletea kitu kizuri, na alikileta kwa moyo safi.

Saa nane Anko akaizima kompyuta na kuiwasha upya, kama programu ilivyotaka, na Mama akatoka kumsindikiza. Nikabaki peke yangu na ile kompyuta, na sikuwa mtoto wa kuachwa peke yake na kitu. Nilikuwa na disketi yangu, ile Mama aliyonipa ya zamani, niliyochorea nyumba na jua. Nikaingia mbio, nikakaa, nikaitumbukiza. Skrini yote ikageuka bluu. Bluu tupu, na maandishi meupe ambayo sikuyaelewa. Nikabonyeza kila kitu. Hakuna. Nikaangalia chini, na hapo ndipo nilipoona miguu yangu: nilikuwa nimeingia na malapa, malapa yaliyotoka uani, yana matope ya kisimani.

Nikachomoa waya ukutani. Nikafuta zulia kwa gauni langu. Nikaenda kukaa nyuma ya jiko, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimeiua kompyuta ya Mama kwa vumbi la miguu yangu.

Jumapili Mama aliiwasha ikawaka. Nilimshukuru Mungu kwa nguvu zote, nikamwahidi mambo ambayo mpaka leo sijayatimiza. Jumatatu asubuhi Nafula akarudi kutoka Bukhayo, akaoga, akaketi kutaipu mtihani wa Sayansi wa darasa la saba. Kurasa nne. Alipoingiza disketi ili aziweke humo, nikasikia sauti yake: "Auntie! Auntie, njoo uone!" Bluu ile ile. Kurasa zote nne zimepotea.

Wiki hiyo nyumba yetu haikuwa nyumba tena. Mashine inawaka vizuri, Nafula anataipu nusu saa, mara bluu. Anaanza upya, bluu. Mwalimu Mkuu mwenye mitihani alikuwa anapita kila alasiri, anasimama kwenye zulia na soksi zake, anauliza, "Mama, tumefika wapi?" Mama anajibu, "Tunamalizia, Mwalimu." Akishatoka Mama anageuka kumwangalia Nafula, na ile kumwangalia ilikuwa mbaya kuliko kupigwa.

"Mashine ilikuwa mzima," Mama alisema Jumanne. "Jumamosi imetoa sidii nzuri, Jumapili imewaka. Wewe umerudi Jumatatu, imeanza kufa. Sasa niambie mimi nifikirie nini."

"Auntie, mimi nataipu tu vile umenifundisha."

"Umetoka matangani ukaingia moja kwa moja hapo ndani."

"Nilioga, Auntie."

"Uliogea hapa. Ulipaswa kuogea huko."

Mnajua mambo ya matanga. Mtu akitoka msibani haji kukalia kiti cha kazi na mikosi mgongoni. Jumatano Mama akawaleta kina mama wa maombi. Walivua viatu, wakatoa kitambaa, wakaiwekea skrini mikono, na mmoja akaikemea printa pia kwa vile ilikuwa karibu. Wakataka Nafula apige magoti katikati, akapiga. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika pazia. Kila waliposema "toka" nilihisi wananiambia mimi. Nilijua Mungu anajua, na nilikuwa nangoja aniseme mbele yao wote, lakini hakusema.

Siku hiyo kompyuta haikuzima hata mara moja. Mama aliimba akipika. Sasa najua sababu: Mama alikuwa amekataza watu kuingiza chochote mpaka kesho yake, ili maombi yaingie vizuri. Alhamisi asubuhi Nafula akaingiza disketi, bluu. Mama hakupiga kelele. Alitoa ile barua ya chuo kwenye Biblia, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni yake. "Kisumu wana kompyuta nyingi," alisema. "Siwezi kumpelekea mtu mkosi." Mitihani isipokamilika ifikapo Ijumaa ya wiki inayofuata, Nafula angerudi Bukhayo, na habari ya Januari iishe.

Msichana mwingine angelia. Nafula alilia, lakini kisha akachukua daftari la kurasa thelathini na mbili akaanza kuandika kila mara mashine ilipozima. Saa ngapi, alikuwa akifanya nini, redio ilikuwa imewashwa au la, nani yuko chumbani. Alibadilisha kitu kimoja kimoja tu. Alitaipu asubuhi nzima bila disketi: salama. Akaingiza disketi tupu: bluu. Akaingiza sidii ya nyimbo: bluu. Alikuwa amegundua pia kapicha kadogo pembeni mwa skrini, karibu na saa, sidii yenye moto juu yake. Kalikuwa kanaamka kabla ya kitu kingine chochote, na kila ulipoingiza kitu kwenye mlango wa disketi au wa sidii kalikimbia kuja kuuliza kama unataka kuandika sidii. "Kanajifanya askari wa geti," aliniambia. "Hata ukipita na kitunguu kanataka kukagua." Kilichomkwamisha ni kimoja tu. Yeye mwenyewe hakujua kama mashine iliugua kabla hajarudi au baada. Mama aliapa ni baada. Asiyekuwepo na lake halipo, na Nafula hakuwepo.

Ijumaa alasiri, jua bado liko juu, tulikuwa jikoni tukichambua mrenda. Akaniuliza bila hata kuniangalia, "Hebu niambie. Hiyo Jumamosi nikiwa Bukhayo, kuna kitu kipya kiliwekwa kwa kompyuta?"

"Ya Anko," nikasema. "Ya sidii."

"Na baada ya hapo, kuna mtu aliingiza kitu?"

Nikaacha kuchambua. Nilitaka kusema hapana, na nikajikuta nalia kwa sauti, namwambia yote, disketi yangu, bluu, waya, na malapa. Zaidi malapa. Nililia juu ya malapa mpaka kamasi zikaingia kwenye mrenda.

Nafula hakunipiga. Alinishika mabega. "Wewe wacha viatu. Viatu havina neno. Ilikuwa baada ya Anko kuondoka, si ndiyo? Na uliingiza disketi, ndipo ikageuka?"

"Ndiyo."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Akacheka, akafunika mdomo, akacheka tena. Maskini Nafula! Alinikumbatia kama nimempa zawadi. Kumbe ilikufa mikononi mwa mtu mwingine kabla yeye hajaigusa, na ilikufa siku ile ile programu ilipoingia. Kwangu ilikuwa siri ya aibu. Kwake ilikuwa maisha yake yote.

Kesho yake asubuhi, Mama akiwa sokoni, aliitoa ile programu. Nilisimama kando yake bila viatu nikaona jinsi alivyotafuta mahali, akasoma kila swali mara mbili, akaizima kompyuta, akaiwasha. Kapicha ka moto hakakuwepo. Akaingiza disketi. Skrini ikabaki vile vile, ikasema iko tayari.

Mitihani yote ilikuwa imetaipiwa ilipofika Jumatano. Mwalimu Mkuu alichukua bahasha zake, akavaa viatu vyake, akaenda. Mama alisema, "Bwana asifiwe, maombi yamejibiwa," na barua ikarudi ndani ya Biblia. Nafula hakubisha. Aliniambia angemweleza Mama taratibu, kwa adabu, akipata wakati mzuri, kwa sababu si jambo dogo kumwambia mtu kwamba zawadi ya kaka yake ndiyo iliyoleta balaa. Wakati mzuri haukupatikana. Jumamosi tukasikia barabarani, "Yoga!"

Alikuwa na sidii tupu hamsini na wanakwaya wanaomngojea Malaba. Akaketi, akatafuta, akakunja uso. "Dada, programu yangu iko wapi?"

"Ipo hapo, kaka."

"Haipo. Nani ametoa?"

Nafula alipiga magoti. "Ni mimi, Anko." Na akamweleza, vizuri kabisa, kwa sauti ya chini, akamwonyesha na daftari. Ilikuwa inafanya mashine izime kila disketi ikiingia. Si makosa ya Anko, ni ya waliotengeneza programu.

Anko hakuliangalia daftari. Kicheko chake chote kilikuwa kimekwisha. "Kwa hivyo mimi ndiye nimeleta ugonjwa kwa nyumba ya dada yangu," alisema. "Mimi. Nimetoka Malaba kuja kuwaroga."

"Sijasema hivyo, Anko."

"Umesema nini basi? Mashine niliacha mzima. Dada, niliacha mzima ama sikuacha mzima?"

"Uliacha mzima, kaka," Mama akasema.

"Iliacha kuwa mzima siku hiyo hiyo," Nafula akasema, na sasa sauti yake ilitetemeka. "Kabla mimi sijarudi. Auntie, muulize mtoto."

Wote watatu wakanigeukia. Mama aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Naukumbuka mpaka leo: mistari midogo chini ya macho, harufu ya sabuni ya kipande. "Sema ukweli. Ile Jumamosi, kompyuta ilizima ukiwa nayo?"

Nilimwangalia Anko, amekaa kwenye kiti chenye mgongo, na nilikuwa sijawahi kumwona amehuzunika. Nilimwangalia Nafula, amepiga magoti, ananiambia kwa macho, sema tu. Nikafikiria malapa yangu. Ndiyo, alikuwa ameshaniambia viatu havina neno, lakini mbele ya Mama viatu vilikuwa na neno.

"Hapana, Mama," nikasema.

Nafula hakunitazama tena. Siyo siku hiyo wala kesho yake alipofunga nguo zake kwenye mfuko wa plastiki wenye mistari na Mama akamtafutia bodaboda wa baiskeli wa kumpeleka kwao. Mimi nilijificha chooni mpaka nikasikia kengele ya baiskeli ikienda.

Anko aliirudisha programu yake, na kompyuta ikaendelea kufa. Ilikufa Jumanne, ikafa Alhamisi, ikafa na programu ya mazishi ya chifu mstaafu ndani yake. Sasa hapakuwa na Nafula wa kulaumiwa. Mama alikaa mbele ya ile bluu mikono mapajani. Baada ya wiki tatu akaniambia nivae gauni la kanisani, tunakwenda Bukhayo.

Tulimkuta akipalilia maharagwe. Alitupokea kama wageni, "Mulembe, Auntie," akatuletea viti na maji ya kunywa, akapokea sukari na sabuni tulizobeba kwa mikono miwili. Mama alizunguka sana. Aliuliza habari za maharagwe, za mvua, za bibi. Mwishowe akasema, "Ile kitu ulitoa kwa mashine. Uliitoa namna gani?"

Nafula akamweleza, hatua kwa hatua, bila haraka, mpaka Mama akaweza kuzirudia mwenyewe. Kisha Mama akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu. Barua yako bado ipo. Januari utaenda."

Nilimwomba Mungu Nafula akubali. Niliomba kuliko nilivyoomba juu ya kompyuta.

"Asante, Auntie," Nafula akasema. "Lakini nikirudi, siku ikizima tena mtaniangalia mimi. Kuna mama ananichukua kwenda Sio Port, kule ziwani, tutauza omena." Alisema bila hasira. Alitusindikiza mpaka njia panda, akamuaga Mama kwa mkono, na mimi akanigusa kichwa kidogo tu, kama anavyogusa mtu mtoto asiyemjua.

Tulitembea kuelekea barabarani, Mama mbele, mimi nyuma. Sikuweza kuvumilia tena. Nikasema yote pale njiani, kwa sauti, nikamwambia nilidanganya, ilizima nikiwa nayo, Nafula alikuwa akisema kweli. Nikasimama nikingoja anipige. Nilitaka anipige.

Mama hakugeuka. "Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Wewe si nimekuzaa mimi?" Akaendelea kutembea. "Ungesema ndiyo, ningemwambia nini kaka yangu? Nilikuuliza hivi, na moyoni naomba Mungu useme hapana."

Kisha akasema tuongeze mwendo, na tukaongeza mwendo.